Pensheni ya Mtumishi wa Serikali: Hoja za Mrengo wa Kushoto na Hali ya Burundi

Kwa wanafikra wengi wa mrengo wa kushoto, pensheni ya mtumishi wa serikali ni mshahara uliocheleweshwa. Mwalimu aliyefundisha Gitega miaka 30, au muuguzi aliyekesha wodini Muyinga, alikubali kulipwa kidogo leo kwa ahadi kwamba sehemu iliyobaki atalipwa uzeeni. Kutoka hapo hufuata karibu kila dai jingine: kwamba serikali haitoi hisani inapomlipa mstaafu, kwamba haiwezi kupunguza malipo hayo kwa amri, na kwamba hesabu ya fedha hizo ni haki ya mfanyakazi kuiona. Lakini ndani ya mrengo huohuo kuna sauti nyingine, isiyopendwa sana katika mikutano ya vyama vya wafanyakazi, inayouliza ni nani hasa aliyezalisha fedha anazolipwa karani mstaafu. Nchini Burundi, ambako zaidi ya asilimia 80 ya watu huishi kwa kilimo na hawajawahi kushika hati ya mshahara, swali hilo haliepukiki.

Pensheni ya serikali haikubuniwa na wajamaa. Mwaka 1889 serikali ya Bismarck huko Ujerumani ilipitisha sheria ya pensheni ya uzee na ulemavu kwa shabaha ya kuwatenga wafanyakazi na chama cha kijamaa, na wabunge wa chama hicho waliipinga. Waliona ni rushwa ya kisiasa, tena ndogo: malipo yalianza mtu akifika miaka 70, umri ambao wafanyakazi wengi wa viwandani hawakuufikia. Mwaka 1912 Wajerumani waliifanya Gitega, wakati huo Kitega, kuwa makao ya utawala wao Urundi. Bendera ilivuka bahari, sheria ya pensheni haikuvuka.

Wabelgiji waliowafuata walikuja na desturi nyingine. Kwao, tangu sheria ya tarehe 21 Julai 1844, pensheni ya mtumishi wa umma ilitolewa na hazina ya dola, na baadaye ilizoeleka kutafsiriwa kisheria kuwa mshahara ulioahirishwa. Tafsiri hiyo, iliyotoka kwa wanasheria wa ufalme wa kibepari, ndiyo leo inayotumiwa na vyama vya wafanyakazi vya kushoto kama silaha yao kuu. Wafanyakazi Waafrika wa Kongo na Ruanda-Urundi walisubiri hadi agizo la mwaka 1956 ndipo wakaanza kuhesabiwa katika mfuko wa pensheni. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na wiki tatu baadaye, tarehe 20 Julai, ikapitishwa sheria iliyozaa Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, INSS. Mwaka 2010 watumishi wa serikali wenye ajira ya kudumu, mahakimu na wafanyakazi wa mahakama walipata taasisi yao, ONPR, huku wafanyakazi wa mkataba na wa makampuni wakibaki INSS. Sheria ya hifadhi ya jamii ya tarehe 12 Mei 2020 ilikuja kupanua wigo, ikitaka hata wasio na mwajiri waingizwe.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi huonekana vizuri zaidi kwa hesabu ya mtu mmoja. Chini ya masharti ya INSS yaliyotumika katika muongo wa 2010, mfanyakazi alikatwa asilimia 4 ya mshahara kwa ajili ya pensheni na mwajiri akaongeza asilimia 6. Umri wa kustaafu ulikuwa miaka 60, na aliyetimiza miaka 15 ya michango alipata asilimia 30 ya wastani wa mshahara wake wa miaka ya mwisho, pamoja na asilimia 2 kwa kila mwaka uliozidi, bila kuvuka asilimia 80. Tuchukue karani wa mkataba katika ofisi ya serikali Muyinga, aliyeajiriwa akiwa na miaka 24 na kustaafu akiwa na 60. Miaka yake 36 inampa asilimia 72. Ikiwa wastani wa mshahara wake unaokatwa mchango ni faranga 200,000, atapokea 144,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi si hesabu mbaya. Wafanyakazi wengi wa nchi tajiri wangeifurahia asilimia hiyo.

Ila faranga haikai mahali pamoja. Mwaka 2022 bei zilipanda kwa karibu asilimia 19, mwaka 2023 kwa karibu 27, na mwaka 2024 kwa karibu 20. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, dola ikatoka kwenye faranga 2,000 na ushei kwa bei rasmi hadi zaidi ya 2,800, na Julai mwaka huo Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 271. Karani aliyestaafu mwishoni mwa 2021 na 144,000 zake, iwapo hazikuongezwa, miaka mitatu baadaye alinunua nazo kile ambacho zamani kingenunuliwa kwa faranga 79,000 au 80,000. Hakuna aliyemkata pensheni. Hakuna sheria iliyobadilishwa wala waziri aliyesimama bungeni kutetea jambo lolote.

Hapa ndipo hoja ya mrengo wa kushoto ilipo na nguvu kuliko popote. Ikiwa pensheni ni mshahara, basi mfumuko wa bei unaoachwa uile ni makato ya mshahara yasiyotangazwa. Aliye kazini anaweza kugoma, na walimu wa Burundi, kupitia vyama kama STEB, SLEB na CONAPES, wamegoma mara nyingi kudai nyongeza na kupinga tofauti za mishahara kati ya wizara na wizara. Mstaafu hana kazi ya kuisusia. Ndiyo sababu wanaoshika msimamo huu husisitiza kwamba pensheni ifungwe kwenye mshahara wa walio kazini: mwalimu wa daraja fulani akiongezwa, aliyestaafu katika daraja hilo naye aongezwe. Nchini Ufaransa wazo hilo lilipata sura yake mwaka 1946, Maurice Thorez, kiongozi wa kikomunisti aliyekuwa serikalini, aliposimamia sheria ya watumishi wa umma, na mwenzake Ambroise Croizat alipojenga hifadhi ya jamii. Mwanasosholojia Bernard Friot amekwenda mbali zaidi. Kwake pensheni si mshahara uliocheleweshwa, ni mshahara unaoendelea, kwa kuwa mstaafu bado ni mtu mwenye ujuzi na jamii inaendelea kuutambua. Ni wazo zuri, ila linahitaji hazina iliyojaa kuliko ya Burundi.

Suala la pili ni mahali fedha zinapowekwa. Tangu Benki ya Dunia ilipochapisha mwaka 1994 ripoti yake kuhusu kile ilichokiita janga la uzee, nchi nyingi zimeshauriwa kuachana na utaratibu ambao michango ya leo hulipa wastaafu wa leo, na badala yake kila mtu awe na akaunti yake inayowekezwa sokoni. Mfano uliosifiwa ulikuwa Chile, ambako serikali ya Pinochet ilibinafsisha pensheni kuanzia 1981. Wakosoaji wa kushoto hawachoki kukumbusha kwamba jeshi lenyewe lilibaki katika mfumo wa zamani. Kenya ilichukua njia ya kati: tangu 1 Januari 2021 watumishi wa serikali waliokuwa wakilipwa pensheni moja kwa moja na hazina bila kukatwa walianza kuingizwa katika mfuko wa michango, mfanyakazi akipanda kwa hatua hadi asilimia 7.5 na serikali ikitoa asilimia 15. Uganda bado huwalipa watumishi wake kutoka hazina kuu.

Pingamizi la mrengo wa kushoto dhidi ya akaunti binafsi ni kwamba hatari yote huhamia kwa mfanyakazi. Soko likianguka mwaka anaostaafu, yeye ndiye anayeanguka nalo. Burundi haina soko la hisa lenye kina cha kuchezea fedha za wazee, kwa hiyo hoja hiyo Gitega huwa ya kinadharia kidogo. Hatari ya huko ni ya aina nyingine. Mfuko wa hifadhi ya jamii katika nchi ndogo huwekeza katika majengo na hati fungani za serikali, yaani serikali inayotakiwa kulipa pensheni ndiyo pia inayokopa akiba ya pensheni.

Tanzania imelionyesha hilo kwa uwazi, na mtu wa Muyinga analijua kwa sababu mpaka wa Kobero uko mkoani kwake na redio za Ngara, ng'ambo ya mpaka huo, hazihitaji viza. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni ya Tanzania, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa kuwa PSSSF. Deni ambalo serikali ilikuwa nalo, kwa sehemu kubwa kutokana na wafanyakazi walioahidiwa pensheni kabla michango haijaanza mwaka 1999, lilikuja kushughulikiwa mwishoni mwa 2021 kwa hati fungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17. Deni likawa karatasi nyingine ya deni. Wapo wanaoona hatua hiyo ni ushindi, maana angalau serikali imekiri kwa maandishi.

Sakata la kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, lililoambatana na kuunganishwa kwa mifuko hiyo linawapa taabu wafuasi wa mrengo wa kushoto kuliko wanavyokubali. Kabla ya 2018 mtumishi wa PSPF alichukua nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Kanuni mpya ziliupunguza mkupuo hadi asilimia 25 na kubadilisha kigawanyo cha kukokotolea mafao kutoka 540 hadi 580. Wafanyakazi walilalamika kwa sauti kubwa kiasi kwamba Desemba 2018 Rais John Magufuli alizisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na katika bajeti ya Juni 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wakipata nusu zamani. Vyama vya wafanyakazi na wanaharakati wengi wa kushoto walisimama upande wa mkupuo mkubwa. Ukiangalia misingi yao, walipaswa kusita. Malipo ya kila mwezi hadi kifo ndiyo bima ya pamoja: anayekufa mapema humchangia anayeishi sana. Mkupuo ni kila mtu na lake. Serikali, katika jambo hili, ndiyo iliyokuwa ikizungumza lugha ya mshikamano.

Wafanyakazi hawakukosea hata hivyo. Anayedai mkupuo amekwisha kuamua kwamba ahadi ya miaka 20 ijayo haiaminiki. Nyumba ya matofali haiathiriwi na kanuni mpya, na shamba halingoji sahihi ya mtu ofisini. Kwa karani wa Muyinga aliyeona faranga zake zikiyeyuka ndani ya miaka mitatu, hoja hiyo haihitaji maelezo. Tatizo la nadharia ya mshahara uliocheleweshwa ni kwamba inamtegemea mdaiwa mwaminifu, na mrengo wa kushoto, ambao kwa desturi hutaka dola ndiyo ishike fedha hizo, haujatumia nguvu zinazotosha kueleza dola hiyo itabanwa na nani. Kumweka mwakilishi wa wafanyakazi katika bodi ya mfuko ni jibu la kawaida. Jibu hilo lina historia isiyofurahisha nchini Burundi: enzi za chama kimoja, muungano wa wafanyakazi UTB ulikuwa tawi la chama hicho, UPRONA, na COSYBU, iliyoanzishwa 1995, ilizaliwa kutokana na haja ya kuwa na sauti isiyo ya chama.

Sauti ya pili ndani ya mrengo wa kushoto inaanzia shambani. Frantz Fanon, katika kitabu alichokitoa mwaka wa kifo chake, 1961, aliwaonya Waafrika kwamba tabaka dogo la mjini, watumishi wa serikali wakiwamo, lingerithi viti vya wakoloni na kuwasahau wakulima. Giovanni Arrighi na John Saul, waliofundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, waliliita kundi la wafanyakazi wenye mishahara ya kudumu tabaka la upendeleo miongoni mwa wafanyakazi. Issa Shivji, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, aliwaelekezea kidole mabwana wa ofisi wenyewe. Kwa fikra hizi, pensheni ya mtumishi wa umma ni sehemu ya ziada iliyokamuliwa kwa mkulima.

Burundi ina ushahidi wake, nao ni kahawa. Kwa miongo mingi kahawa ilikuwa ndiyo chanzo kikuu cha fedha za kigeni, serikali ikipanga bei anayolipwa mkulima kupitia ofisi kama OCIBU, na tofauti kati ya bei hiyo na ya soko la dunia ikisaidia kuendesha dola. Mkulima wa vilima vya Gitega au Muyinga alichangia mishahara na pensheni bila jina lake kuandikwa popote. Mwanawe alisomeshwa na mwalimu aliyelipwa kutokana na kahawa hiyo, na hilo ni kweli pia. Uhusiano haukuwa wa unyonyaji mtupu. Ila mwalimu alipofika miaka 60 alikuwa na faili. Mkulima alikuwa na watoto wake, ikiwa walibaki hai.

Maneno hayo ya mwisho nchini Burundi yana uzito. Mwaka 1972 dola iliwaua Wahutu wengi waliosoma, walimu na watumishi wakiwamo, na wengine wakakimbilia Tanzania na Rwanda. Utumishi wa umma kwa miaka mingi ulikuwa mikononi mwa watu wachache wa kabila na eneo fulani, kwa hiyo hata pensheni ilirithi ramani hiyo. Wajamaa wa Burundi walijaribu kulizungumza jambo hili kwa lugha ya tabaka. Mwaka 1979 wakimbizi walioko Rwanda waliunda chama cha UBU, Umugambwe w'Abakozi b'Uburundi, chama cha wafanyakazi, na Melchior Ndadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi. Alijitoa mwaka 1983, akashiriki kuanzisha chama cha FRODEBU, akachaguliwa rais Juni 1993 na kuuawa tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo. Vita vilivyofuata vilikata ajira za maelfu ya watu. Masharti ya miaka 15, yanayoonekana ya kawaida katika nchi yenye amani, hapa humpiga aliyekimbia: asiyeyafikia hupewa malipo ya mara moja tu na faili lake likafungwa. Mrengo wa kushoto ungekuwa na dai zuri sana hapa, la kuhesabu miaka ya ukimbizini kana kwamba mtu alikuwa kazini, lakini halijasikika kwa nguvu ipasavyo.

Kinachosikika zaidi ni hasira dhidi ya mafao ya wakubwa, na kuna sababu. Januari 2020 bunge lilipitisha sheria ya kumpa Rais Pierre Nkurunziza, aliyekuwa akijiandaa kuondoka madarakani, faranga bilioni moja, nyumba ya kifahari na posho ya maisha. Alifariki tarehe 8 Juni 2020 kabla ya kukabidhi madaraka. Bilioni moja ni pensheni ya karani wetu wa faranga 144,000 kwa zaidi ya miaka 570. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewakataza viongozi wa Tanzania hata kupokea mishahara miwili, na ingawa makatazo hayo yaliachwa huko Zanzibar mwaka 1991, bado ndicho kipimo ambacho wajamaa wa Afrika Mashariki hukitumia kuwapimia viongozi.

Kati ya sauti hizo mbili, ya mshahara na ya shamba, lipo pendekezo linaloziunganisha: pensheni kwa kila mzee, inayolipwa kutokana na kodi, bila kuuliza aliajiriwa wapi. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kwa kumlipa kila mkazi aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi kilichopandishwa baadaye hadi 50,000. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. Ni fedha ndogo. Faida yake kisiasa ni kwamba hakuna mjumbe wa mtaa anayeamua nani maskini na nani si maskini.

Burundi ilielekezwa njia tofauti. Mradi wa Merankabandi, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulitoa fedha kwa kaya maskini zenye watoto, ukianza na mikoa minne: Gitega, Karusi, Kirundo na Ruyigi. Muyinga haikuwamo. Mrengo wa kushoto hukosoa mipango ya namna hii kwa sababu tatu zinazohusiana: mzee asiye na mtoto mdogo nyumbani haonekani, mpaka wa mkoa huwa mpaka wa haki, na mpango unaolipwa na mfadhili huondoka na mfadhili. Watetezi wake hujibu kwamba nchi yenye bajeti finyu lazima ianze na walio hoi kabisa. Jibu hilo si la kubezwa.

Vyama vya watumishi wa umma, kwa upande wao, huiangalia pensheni kwa wote kwa jicho la wasiwasi. Wanahofu kwamba mfuko wao, ambao umejengwa kwa makato ya miaka mingi, utageuzwa kisima cha kila mwenye ndoo. Zanzibar imeonyesha kwamba hofu hiyo inaweza kuondolewa: ZSSF, mfuko wa waajiriwa ulioanzishwa 1998, umebaki na vitabu vyake, na malipo ya wazee wote hutoka katika bajeti ya serikali. Sheria ya Burundi ya 2020 inaruhusu muundo wa ngazi mbili kama huo, lakini kwa mkulima imeegemea zaidi uanachama wa hiari. Mfumo unaohesabu miezi 180 ya michango, yaani ile miaka 15, ulitungwa kwa mtu anayelipwa kila mwisho wa mwezi. Mkulima wa kahawa wa Muyinga hushika fedha msimu wa mavuno, Aprili hadi Julai hivi, na mwaka mwingine hashiki kitu. Ili ahesabiwe, itabidi ama msimu mmoja wa mauzo uandikwe kuwa mwaka mzima wa mchango, huku sehemu ya mwajiri ikilipwa na ofisi ya kahawa, ama serikali imlipe bila mchango wowote.